Salalah, Milango Ikiwa Wazi

Julai ikiingia, Maskati hujifungia ndani. Joto hupita nyuzi 40 hata adhuhuri haijaadhiniwa, na usiku nao hauna nafuu, kwani unyevu wa bahari hukuganda mwilini mpaka karibu na alfajiri. Kila chumba kina kiyoyozi chake, na kila kiyoyozi kinataka mlango ufungwe ubaridi usitoke. Ndivyo zilivyo nyumba zetu zote huku, wala hakuna wa kulaumiwa. Lakini msimu mzima wa milango iliyofungwa ni mrefu. Mwanangu wa kiume hula kwa saa zake. Binti yangu mkubwa husoma na vidude vya muziki masikioni. Mama yangu yumo chumbani kwake na tasbihi yake, mdogo yumo na michezo yake, na mimi na mume wangu huulizana habari za mkate na maziwa kwa WhatsApp hali tuko chini ya paa moja. Tunapendana, sina shaka na hilo. Ila mapenzi yenyewe hupita kwa chini ya mlango, kama ile hewa baridi inayotoroka.

Ndiyo maana wakati huu familia nyingi za Oman hushika njia ya kusini, na sisi wenye asili ya Unguja na Pemba ni miongoni mwao. Kuanzia tarehe 21 Juni mpaka 21 Septemba mkoa wa Dhofar huwa katika kharifu. Sehemu kubwa ya Bara Arabu inaungua, na Salalah inapata manyunyu na ukungu, joto likizungukia nyuzi 25, milima ikiota majani mpaka mgeni akadhani amepotezwa njia. Kwa ndege ni safari fupi. Sisi tulikwenda kwa gari, kiasi cha kilomita 1,000, kwa kuwa mama alishika neno moja: nchi ambayo marehemu mumewe aliivuka kwa magurudumu, yeye hatairuka kwa mbawa.

Usiku wa kuamkia safari nilimsikia mume wangu akitoka nje na tochi. Alikuwa anapima upepo wa magurudumu, pamoja na lile la akiba, anajaza maji ya vioo, anakunja blanketi moja na kuliweka kiti cha mbele kwa ajili ya mgongo wa mama. Kila tukisafiri hufanya hivyo, wala hajapata kulitaja. Nimekaa naye miaka mingi, na nadhani nikiulizwa ndoa ni nini, jibu langu litaanzia kwenye ile tochi.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Nizwa tuliipita jua halijakolea, Adam tukanunua maji, na baada ya Adam milima ikatuacha. Kutoka hapo hadi Thumrait ni nchi tambarare ya changarawe na mchanga, na upande wa kulia, mbali zaidi ya macho yanapofika, ni jangwa la Rub' al-Khali. Wasioipenda njia hii husema haina kitu. Mimi naipenda, kwa sababu gari ni chumba kimoja. Humo hakuna pa kujitenga. Mdogo alilala kichwa mapajani kwa dada yake, na dada mtu akakaa vile vile mguu ukifa ganzi mpaka tulipofika Haima, akikataa kumwamsha. Lau tungekuwa nyumbani nisingeliona jambo hilo.

Haima ni katikati ya safari: vituo vya mafuta, msikiti, vijimkahawa vya chai ya maziwa, na upepo unaokausha midomo. Mama akafungua kikapu. Katlesi, sambusa za nyama, maandazi ya iliki, vyote vimefungwa kwa kanga kuukuu, bado vina uvuguvugu. Nilipotia katlesi ya kwanza mdomoni nikajua kuwa mwanamke huyu wa miaka sabini na ushei, mwenye magoti yanayomsumbua, hakulala usiku ule. Sisi tulipokuwa tunapima magurudumu na kuhesabu mabegi, yeye alikuwa jikoni anasaga nyama.

"Mama, si ungelala? Chakula kipo njiani."

"Cha njiani ni cha wenye njia," akasema, akamtia mkwewe katlesi nyingine mkononi. "Kula, baba, wewe ndiye unayetupeleka."

Karibu na mwisho wa jangwa, kilomita kama 40 kabla ya Salalah, tulisimama Wadi Dawkah, bonde la miti ya ubani. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, pamoja na magofu ya Al-Baleed na bandari ya kale ya Khor Rori. Ubani haupendi kunyeshewa. Miti yake hustawi hapa nyuma ya milima, ambapo pumzi ya kharifu hufika lakini mvua yenyewe haifiki. Ni miti mifupi, imepinda, gome linachunika kama karatasi. Mama aliwaonesha watoto mahali palipokwanguliwa na tone la utomvu lililoganda hapo, jeupe kama maziwa. Kila Ijumaa wananusa moshi wake nyumbani, lakini walikuwa hawajauona mti.

Kisha barabara ikapanda, ikafika ukingoni mwa milima, na hapo jambo likatokea ambalo hata mtu alishuhudie miaka yote halizoeleki. Hatua chache tu, na jangwa likakatika. Ukungu ukatumeza. Madereva wote wakawasha taa za tahadhari, magari yakatambaa kama msafara wa arusi, kioo cha mbele kikajaa vitone, na majani mabichi yakajitokeza pande zote mbili. Mume wangu akazima kiyoyozi. Mwanangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejibu kwa neno moja moja, akashusha kioo, akatoa mkono nje, akacheka peke yake.

Tulikuwa tumekodi nyumba ya ghorofani, si mbali na mashamba ya minazi ya Dahariz. Ilikuwa nyumba ya kawaida, sakafu ya marumaru na makochi ya kukodisha. Vyumba vilikuwa na viyoyozi lakini hakuna aliyetafuta rimoti. Mama alipita dirisha kwa dirisha akifungua, kisha akapita mlango kwa mlango, na kila mlango akauwekea kiatu usijifunge kwa upepo. Hivyo ndivyo tulivyoishi wiki ile, kwa kusikiana. Nilimsikia binti yangu akimfundisha mdogo wake sura fupi kwa sauti ya subira ambayo sikujua kuwa anayo. Nilimsikia mume wangu akikohoa, nikaamka kumtilia maji ya moto na tangawizi. Kwetu Maskati angekohoa mpaka asubuhi na mimi nisijue. Nilisikia pia mambo madogo yasiyo na jina: maji yakimiminwa, mkeka ukikunjwa, mama akisema alhamdulillahi baada ya kunywa, kila anywapo, kama mtu anayemjibu aliyemwita.

Usiku mmoja mwanangu alikuwa varandani na bibi yake. Amefika umri wa kuchagua masomo ya baadaye, na mwaka mzima sisi wazazi tulikuwa tukimuuliza anataka kuwa nani, naye akitujibu kwa mabega. Nilikuwa kitandani, milango iko wazi, na sauti zao zikanifikia.

"Bibi, ulipokuja huku mwanzo, uliogopa?"

"Niliogopa mno, mjukuu wangu. Babu yako hakukwambia?"

Baba na mama walifika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sultani Qaboos, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Salalah, alishika utawala tarehe 23 Julai 1970, akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Wengi walitoka Zanzibar, na wengine walikuwa wameshahama tangu Mapinduzi ya Januari 1964, wako Misri, Kuwait au Uingereza. Baba alikuwa na Kiingereza cha skuli za Unguja, akapewa kazi ya ukarani hospitalini huku Dhofar. Vita vya serikali na waasi wa milimani vilikuwa havijaisha. Vilikwisha mwishoni mwa mwaka 1975. Mama alikuwa bibi arusi wa juzi, hajui Kiarabu ila cha msahafuni.

"Usiku tunasikia mizinga," nilimsikia akisema. "Mchana nguo hazikauki. Hilo la nguo ndilo lililoniliza, wallahi. Mizinga nilikuwa siwezi kuifanya kitu, lakini nguo za mtoto, nifue nianike, nifue nianike, zinanuka unyevu tu."

"Ukafanyaje?"

"Akaja jirani, mwanamke wa kimilimani. Hajui lugha yangu, sijui yake. Akachukua chetezo, akatia makaa na ubani, akatundika nguo za mtoto juu yake, akakaa na mimi mpaka zikakauka. Kesho yake akaja tena. Sikuweza hata kumwambia ahsante ikamtosha. Nikampikia vitumbua."

Kukapita kimya, kisha mwanangu akaanza kusema. Alisema anayoyaogopa: kuchagua vibaya, kumvunja moyo baba yake, kuwa mbali na nyumbani akipelekwa chuo cha nje. Mama hakumpa nasaha. Alimuuliza tu maswali, moja baada ya moja, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki. Mimi nililala pale macho wazi, nikamshukuru Mungu kwa vitu viwili kwa pamoja: kwamba mwanangu ana mtu wa kumwambia, na kwamba mtu huyo bado yu hai.

Na kweli nguo hazikauki. Kharifu haimwagi mvua kubwa. Inanyunyiza tu, mchana kutwa, na hewa imejaa maji. Kanzu za wanaume zilikaa kambani tangu asubuhi zikashuka na uzito ule ule. Mama akatoa chetezo. Ubani wake alikwenda kuuchagua mwenyewe soko la Haffa, ule wa hojari wenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia, akibishana bei na mama muuzaji kwa muda mrefu na kwa raha ya pande zote mbili. Jioni zile nguo zetu zote zilipitishwa moshini, na mjukuu wa kiume ndiye aliyekuwa akizishika, bila ya kuambiwa.

Siku ambayo naikumbuka kuliko zote hatukwenda popote. Mume wangu alirudi na nazi kutoka vibandani, na mama akamtuma kwenye buti la gari. Kumbe ndani ya mizigo, imezungushiwa kanga, alikuwa ametia mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyokuja nayo kutoka Unguja, mbao yake imelika pale anapokaa mtu. Kwetu Maskati mbuzi ile iko juu ya kabati. Tui tunanunua la kopo kama watu wote. Mama akamwita mjukuu wake.

"Njoo ukae. Mikono miwili. Zungusha nazi, usiisukume. Ukigusa kifuu tui litaingia weusi."

Akakaa, magoti juu, mrefu kuliko kile kibao kilivyokadiriwa. Mwanzo nazi ilimponyoka. Kisha sauti ikaja, ile kwaru-kwaru ya meno ya chuma juu ya nyama ya nazi, na mimi nikasimama nilipo. Sijui niieleze vipi. Ni sauti ya utoto wangu wote, ya kila Ijumaa, na sikuwa nimegundua kuwa nyumba yangu ilikuwa imekosa kitu mpaka pale. Binti yangu akatoka chumbani kuangalia. Mdogo akaja kuiba machicha. Mume wangu akavuta kiti mlangoni mwa jiko na kuanza kumenya vitunguu. Wote tulikuwa humo, jiko lenyewe la kugusana viwiko, na hakuna aliyekuwa ameitwa isipokuwa yule mmoja.

Samaki alikuwa haba, kwa sababu bahari ya kharifu haipokei mashua ndogo, lakini tulipata jodari. Mama akakamua tui zito akaliweka kando, akapikia mchele kwa lile jepesi, lile zito akalitia mwisho na kufunika kwa makaratasi, chini ya sufuria kukawa na ukoko mzuri wa hudhurungi. Mchuzi ulikuwa wa ukwaju na pilipili mbichi. Tulikula sinia moja sakafuni. Mwanangu alikula kwa namna ya mtu anayeijua kazi ya alichokila, na ukoko wote alimsukumia bibi yake, kwa kuwa alijua anaupenda.

Kutembea pia tulitembea. Tulipanda Ittin, kwenye kaburi linalosemwa kuwa la Nabii Ayub, mama akasoma dua ndefu. Tulikwenda Wadi Darbat, ng'ombe wamezagaa kwenye majani mpaka njiani. Ngamia walikuwa wachache huko juu, maana utelezi wa kharifu huwavunja miguu na wafugaji huwateremsha nchi tambarare mpaka ukungu uondoke. Ni pazuri, kila mtu atakwambia, na picha zipo. Sina la kuongeza.

Mughsail ndiyo nataka kuisema. Bahari pale inapiga miamba kwa hasira, na kwenye matundu ya mwambani maji hurushwa juu kama mvuke wa bomba lililopasuka, watoto wakipiga kelele. Mama alisimama mbali, buibui lake limeshikwa na upepo, akageukia kule unakotoka.

"Hili kusi," akasema. "Hili linatoka kwetu."

Na ndivyo. Upepo unaoleta kharifu Dhofar ni kusi lile lile lipigalo Unguja, Mombasa na Lamu, linalovuka Bahari ya Hindi likikusanya unyevu. Linapofika pwani hii hukuta maji baridi yaliyopanda kutoka vilindini, unyevu ukageuka ukungu, na milima ikauzuia usipite. Ndilo lililorudisha majahazi Uarabuni kwa karne nyingi, ingawa manahodha walikwepa Juni na Julai linapochafuka hivi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alitoka Kilwa akaja kushukia hapa hapa Dhofar, na katika habari zake za mji huu alitaja ndizi na minazi. Kwa hiyo vitu vilivyomliwaza mama yangu alipokuwa bibi arusi mpweke, minazi na migomba inayopepea, vilikuwa vikiwangoja watu wa pwani yetu kitambo. Aliniambia pale Mughsail kuwa miaka ile, akizidiwa na ukiwa, alikuwa akija ufukweni kupigwa na upepo tu, apate kuamini kuwa siku chache nyuma uligusa barza ya kwao.

Kwenye vibanda vya madafu tulikuwa wateja wa kila jioni. Kijana aliyekuwa akitukatia ni wa Kerala, na mama alimpenda kwa mapigo yake: matatu, na dafu limefunguka bila ya kumwaga. Wakazungumza kwa Kiarabu cha sokoni, kibovu cha pande zote mbili. Ana mke na mtoto mdogo kwao. Huenda kila baada ya miaka miwili, na kharifu, ambayo kwetu ni mapumziko, kwake ndiyo miezi ya kusimama mpaka usiku wa manane. Akishafunga kibanda humpigia mtoto simu ya video, kule usiku ukiwa umekwenda zaidi. Siku ile ya wali wa nazi mama alijaza bakuli, akalifunika, akaniamuru nimpeleke. Kijana alionja pale pale amesimama, akatikisa kichwa, akasema kwao pia nazi haikosekani katika chungu. Mdogo aliuliza njiani kwa nini mtu yule hakuja na watoto wake likizo. Baba yake akamjibu kuwa yeye hayuko likizo. Tukanyamaza wote. Tangu jioni ile, naliona hata jiko lile la kugusana viwiko kuwa ni utajiri, na kuna watu wanaolipa kwa miaka ya maisha yao ili wengine wapate kukaa pamoja namna hiyo.

Asubuhi ya kuondoka mume wangu alikuwa amekwisha zunguka gari na tochi yake. Mwanangu alibeba mbuzi mwenyewe, akaiweka juu ya mabegi na si chini yake. Tulipotoka kwenye ukungu na kuteremka Thumrait, mama alimpigia dada yake Unguja, simu akaiweka sauti ya wazi, na gari lote likaanza kusema kwa pamoja.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu! Mmekula nini huko?"

"Wali wa nazi," mwanangu akajibu kutoka nyuma. "Nimekuna mimi."

"Wewe? Kwa mbuzi?"

"Kwa mbuzi."

"Sisadiki. Mpaka uje unikunie hapa nikuone kwa macho yangu."

Mama akacheka, akageuka kuniangalia, na kabla simu haijakatwa akaniuliza skuli za watoto zinafungwa tarehe ngapi katikati ya mwaka wa masomo, na nauli ya kwenda Zanzibar wakati huo huwa kiasi gani.